Mnara wa Simu Shambani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Sahihi

Maelezo yaliyotolewa na maafisa wa ardhi na mipango katika baraza la wananchi, Kaunti ya Kilifi. Yanachapishwa kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Siku hizi si ajabu kuona gari likisimama kando ya barabara ya kijiji, vijana wawili wakashuka na ramani kwenye simu, wakauliza: shamba lile pale juu ni la nani? Wanatafuta mahali pa kusimamisha mnara wa simu, au busta kama wengi wanavyouita. Kwa familia inayoishi kwa minazi, mihogo na mahindi ya masika, habari ya kodi inayolipwa mvua inyeshe isinyeshe ni habari njema, na haifai mtu kuichafua. Mtandao wenyewe unatakikana. Bado ziko sehemu za Ganze na Magarini ambako mtu akitaka kupokea pesa kwa simu anajua mti wa kwenda kusimama chini yake.

Lililoleta baraza hili ni lingine. Mkataba wa mnara huandikwa na mawakili wa kampuni, kwa Kiingereza, kabla kampuni haijamjua mwenye shamba ni nani. Unapofika kijijini huwa una nafasi chache tu zilizoachwa wazi: jina, nambari ya shamba, kiasi cha kodi. Mwenye shamba hupigania ile nafasi ya kodi, akapandisha elfu mbili tatu, akaona ameshinda. Yatakayomsumbua baadaye yako katika kurasa ambazo hakuzifungua. Mengine hayamo katika mkataba kabisa, yako nyumbani kwake.

Kwanza, ni kitu gani hasa kinachokodishwa. Kampuni huomba kipande cha mraba, mara nyingi mita 10 kwa 10 hadi 15 kwa 15. Kile cha 15 kwa 15 ni kama nusu ya ploti ya hamsini kwa mia. Ndiyo maana watu wengi huitikia haraka; nusu ploti kwenye shamba la ekari nane haionekani kuwa kitu. Lakini mkataba hauishii kwenye ua wa mnara. Unataka njia ya gari kutoka barabarani, saa 24, maana fundi anaweza kuja usiku wa manane. Unataka mahali pa kupitishia nyaya za umeme. Unaweza kumkataza mwenye shamba kupanda miti mirefu au kujenga karibu. Kisha kuna muda: miaka 10 au 15, pamoja na haki ya kuongeza muda tena, na mara nyingi haki hiyo iko upande wa kampuni peke yake. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu atakuwa mtu mzima mwenye familia, na ule mraba bado hauwezi kuguswa.

Wale vijana wa ramani aghalabu si wafanyakazi wa kampuni ya simu. Ni mawakala, ambao hulipwa wakipata kiwanja. Wahandisi huwa wamechora duara kwenye ramani, na wakala hutafuta mashamba kadhaa ndani ya duara hilo ili moja likikwama kuwe na jingine. Hili halifichwi hapa: mwenye shamba anayevuta kamba sana anaweza kuamka akute mnara unachimbiwa msingi kwa jirani. Hata hivyo wakala akisema “tia sahihi leo, kesho tunaondoka”, ajibiwe kwa upole kwamba karatasi itabaki nyumbani wiki mbili isomwe. Mnara hupitia vibali vingi kabla ya kusimama, na wiki mbili za kusoma haziuzuii.

Na hapa kuna matapeli. Wapo wanaopiga simu au kuja na fulana yenye nembo ya kampuni, wakisema shamba limechaguliwa, inatakiwa ada ya usajili, au ya upimaji, au ya “faili”. Kampuni inayotaka kukodisha ndiyo inayolipa. Yeyote anayemtaka mwenye shamba atume pesa kwanza, hata kama ni shilingi elfu moja, asitumiwe. Jina la wakala lithibitishwe kwa kupiga simu ofisi ya kampuni kwa nambari ambayo kampuni yenyewe imeitangaza hadharani. Nambari iliyo kwenye kadi ya wakala humrudisha mtu kwa wakala yuleyule.

Sasa suala zito kuliko yote: nani ana haki ya kushika kalamu?

Katika kaunti hii mashamba mengi bado yako kwa jina la babu aliyefariki zamani. Watoto wake wamegawana kwa mdomo, kila mmoja anajua mpaka wake ni ule mwembe na ule mbuyu, na wameishi kwa amani. Chukua mfano wa ndugu wanne wa namna hiyo. Mnara unahitajika kwenye sehemu ya juu anakolima mkubwa wao. Mkubwa anapata barua ya chifu, anatia sahihi, pesa zinaanza kuingia kwenye akaunti yake. Mwaka wa kwanza anawagawia wadogo zake kidogo. Mwaka wa pili ana mtoto anayeingia chuo, hagawi. Mwaka wa tatu dada yao aliyeolewa Malindi anauliza kwa nini yeye hakuhesabiwa, na mgao ule wa mdomo uliodumu miaka 30 unavunjika wote. Sasa kila mtu anataka kupimiwa upya, kwa sababu yule mwenye mnara anapata na wengine hawapati. Nusu ploti imefufua kesi ya ekari nane.

Kisheria, mkubwa huyo hakuwa na mamlaka. Shamba lililo kwa jina la marehemu ni mirathi, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinafanya kuwa kosa mtu kujishughulisha na mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Anayeweza kutia sahihi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia za Kiislamu, njia ya mahakama ya Kadhi ipo. Barua ya chifu inasaidia kuonyesha familia ni ipi, lakini si hati ya kumiliki wala haimpi mtu uwezo wa kukodisha. Familia ambayo haijafungua mirathi na imeletewa habari ya mnara ina sababu nzuri ya kuifungua sasa, maana mara hii angalau kuna kodi inayotarajiwa ya kulipia gharama zake. Na mgao wa kodi uandikwe kwa majina, mabinti wakiwemo, kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Baada ya hapo kuandika huwa kugumu.

Hata pale hati ipo kwa jina la mtu aliye hai, hayuko peke yake. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, kifungu cha 12, inataka idhini ya mke na mume kabla ya mali ya ndoa kuuzwa, kutolewa zawadi, kuwekwa rehani au kukodishwa. Neno “kukodishwa” limo humo waziwazi. Na kama shamba limewekwa rehani benki, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humzuia mwenye deni kulikodisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya mkopeshaji.

Kisha kuna bodi. Shamba la kilimo lililo katika eneo la udhibiti haliwezi kukodishwa bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Watu wengi wanaijua bodi kwa habari ya kuuza na kugawa, hawajui kwamba kukodisha nako kumo. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini, sheria inayahesabu makubaliano kuwa batili. Kwa desturi bodi hutaka kumwona mke au mume, na mara nyingi watoto waliokomaa, na hilo ni jema, maana ndipo wengine husikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mnara. Kampuni yenye wenyehisa wa kigeni ina masharti yake ya ziada mbele ya bodi. Hayo ni kazi ya mawakili wake kuyatimiza, si ya mwenye shamba kuyalipia. Mkataba unaozidi miaka 2 pia husajiliwa kwa msajili wa ardhi, na ushuru wa stempu hulipwa. Mkataba uandike kwamba gharama hizo zote ni za kampuni.

Wakazi wa maeneo ya ardhi ya jamii wana njia tofauti. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, makubaliano na mwekezaji juu ya ardhi ya jamii iliyosajiliwa hayana nguvu mpaka mkutano ulioitishwa kwa jambo hilo uhudhuriwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, na theluthi mbili wakubali. Mwenyekiti na katibu wake hawawezi kukaa hotelini Mariakani wakamaliza. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na sheria hiyohiyo inaikataza kaunti kuiuza au kuigeuza kuwa mali ya watu binafsi. Akitokea afisa yeyote akasema anaweza “kupanga” kiwanja cha mnara kwenye ardhi ya namna hiyo, atakiwe aonyeshe ni kwa sheria gani.

Pwani kuna jambo ambalo mikataba iliyoandikwa Nairobi hailijui: ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na miti ya mwingine. Mnazi una mwenyewe. Mkorosho alioupanda shangazi kwenye shamba la kaka yake ni wa shangazi, na watoto wake wanauvuna. Kampuni ikilipa fidia ya miti itakayokatwa, humlipa yule aliyetia sahihi, basi. Kabla ya hapo miti ihesabiwe mmoja mmoja, kila mmoja uandikwe ni wa nani, na hesabu hiyo iambatanishwe na mkataba. Makaburi pia. Vikango na vigango vilivyo kwenye boma la zamani havionekani kwenye ramani ya simu.

Na vilima. Mnara hutaka mahali palipoinuka, na wazee wetu nao walipenda palipoinuka. Misitu ya kaya za Wamijikenda, kama vile Kaya Ribe, Kaya Kambe na Kaya Jibana, iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, na kaya zilizotangazwa rasmi zinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006. Shamba likipakana na kaya, wazee wa kaya waulizwe mapema.

Tuje kwenye pesa. Watu huuliza bei ya soko ni ngapi. Hakuna bei moja. Kodi hutegemea mahali, umbali wa umeme na barabara, na jinsi kampuni inavyokihitaji kiwanja kile. Bora kuuliza waliokwisha kukodisha katika kata jirani. Lakini kuna hesabu moja ambayo kila mtu anaweza kuifanya, nayo ni muhimu kuliko elfu mbili tatu za kuanzia.

Tuseme, kwa mfano tu, kodi ni shilingi 20,000 kwa mwezi na mkataba ni wa miaka 15. Kodi isipopanda hata mara moja, jumla itakuwa shilingi milioni 3.6. Ikipanda kwa asilimia 10 kila baada ya miaka 5, kama mikataba mingine inavyoandikwa, jumla itafika shilingi 3,972,000, na mwaka wa mwisho kodi ya mwezi itakuwa 24,200. Ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, jumla inapita milioni 5.1, na mwaka wa mwisho kodi ya mwezi inakaribia 39,600. Mraba ni uleule, mnara ni uleule. Tofauti ya zaidi ya milioni moja imetoka katika sentensi moja ya ukurasa wa ndani.

Tena ile asilimia 5 si uchoyo. Lengo la serikali kwa kupanda kwa bei za bidhaa nchini ni asilimia 5, likiruhusiwa kushuka hadi 2.5 au kupanda hadi 7.5. Bei zikipanda kwa kiasi hicho cha kati kwa miaka 15, shilingi 20,000 za mwisho zitanunua unga na sukari wa shilingi 9,600 hivi za leo. Anayekubali kodi isiyopanda amekubali kupunguziwa kodi kila mwaka.

Kuna kampuni zinazopenda kulipa kwa mkupuo, miaka 5 au 10 pamoja. Mkupuo huo una mvuto wake, hasa Januari. Anayeuchukua ajue kwamba huko mbele ule mraba utakuwa wa watu bila kumletea chochote, na kwamba watoto wataukuta umeshalipiwa na pesa zimeshaliwa. Yafaa zaidi malipo ya mwaka mmoja mmoja, yakilipwa mwanzoni mwa mwaka, tarehe ikiwa imeandikwa, pamoja na kinachotokea zikipita siku 30 bila malipo.

Mnara mmoja unaweza kubeba antena za kampuni kadhaa. Kila kampuni inayoongezwa humlipa mwenye mnara, na mwenye shamba hapati kitu kama mkataba umenyamaza. Iandikwe kwamba kila mpangaji wa ziada ana nyongeza yake. Baadhi ya kampuni hukataa sharti hili moja kwa moja, lakini kuliuliza hakugharimu kitu.

Mpangaji mwenyewe pia hubadilika. Mwaka 2018 Telkom Kenya ilikubali kuiuzia American Tower minara yake zaidi ya 700. Mtu aliyekuwa amekodisha kwa kampuni ya simu akajikuta anadai kodi kwa kampuni ya minara. Hakuna ubaya katika hilo, ni biashara, ila mkataba useme kwamba mwenye shamba atapewa taarifa ya maandishi, na kwamba anayeingia anachukua madeni yote ya anayetoka. Vivyo hivyo upande wa pili: mwenye shamba akiuza, mnunuzi hununua shamba pamoja na mkataba uliosajiliwa, hawezi kuufukuza mnara.

Kuhusu kuondoka, soma kwa makini. Mikataba mingi huiruhusu kampuni kuondoka kwa taarifa ya miezi michache huku mwenye shamba akifungwa hadi mwisho. Usawa kamili ni vigumu kuupata, kwa kuwa kampuni imezika pesa nyingi ardhini. Kinachopatikana ni sharti la kusafisha. Chini ya mnara kuna zege nzito iliyoshuka mita kadhaa. Kampuni ikiondoka bila kulazimishwa, itang’oa vyuma na kuacha zege, na mahali hapo hapatalimwa tena. Iandikwe kwamba zege itavunjwa hadi kina kinachoruhusu kulima, ndani ya miezi fulani, na kodi iendelee kulipwa hadi kazi hiyo iishe.

Jenereta nayo itajwe. Pale ambapo umeme haujafika au hukatika mara kwa mara, jenereta ya dizeli hunguruma usiku kucha, na mafuta humwagika. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele zinamlinda jirani, lakini ni rahisi zaidi kukubaliana mapema jenereta iwekwe upande gani wa ua. Umeme wa mnara uwe na mita yake. Fundi akiomba kuunganisha kwenye mita ya nyumba “kwa wiki mbili tu”, akataliwe.

Vibali vya kujenga ni kazi ya kampuni: leseni ya mazingira kutoka NEMA, idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege kuhusu urefu, na ruhusa ya ujenzi ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Mwenye shamba aombe nakala ya kila kimoja kabla ya kuruhusu msingi kuchimbwa. Majirani nao wana nafasi yao. Katika kuandaa ripoti ya mazingira, watu hupita nyumba kwa nyumba na fomu za maswali. Fomu hiyo si orodha ya mahudhurio. Asiyekubaliana aandike kwamba hakubali na aeleze sababu, kwa sababu sahihi tupu huhesabiwa kama ridhaa. Leseni ya NEMA ikishatolewa, asiyeridhika anaweza kukata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Uamuzi wa kaunti kuhusu ruhusa ya ujenzi hupingwa mbele ya kamati ya kaunti ya upatanishi wa mipango ndani ya siku 14. Siku hizo ni chache, na hupita haraka kwa mtu anayengoja kuona kwanza.

Swali la saratani huulizwa katika kila baraza. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa kutazama zaidi watu wanaoshikilia simu sikioni kwa muda mrefu. Kwa watu wanaoishi karibu na minara, Shirika la Afya Duniani halijapata ushahidi uliothibitika wa madhara pale mionzi isipozidi viwango vilivyowekwa. Mwenye wasiwasi anaweza kuiandikia Mamlaka ya Mawasiliano kuomba mionzi ipimwe. Simu iliyo sikioni huupa mwili mionzi mingi kuliko mnara ulio ng’ambo ya shamba.

Kodi ya mnara ni mapato na hutangazwa kwa KRA katika ritani ya mwaka, kabla ya Juni 30. Ile ritani ya kila mwezi ya nyumba za kuishi haihusiki hapa.

Katika kipindi cha maswali, mama mmoja aliuliza afanye nini ikiwa mume wake amekwisha kutia sahihi bila yeye kujua na vifaa vimeanza kuletwa. Alijibiwa kwamba aiandikie kampuni barua mara moja akisema hakutoa idhini, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha aende kwa msajili wa ardhi kuweka tahadhari kwenye hati ili mkataba usisajiliwe kabla hajasikizwa. Bodi nayo ielezwe. Ikishindikana, njia ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi. Aliambiwa pia kwamba mara nyingi barua ya kwanza hutosha, kwa kuwa kampuni haipendi kuweka mamilioni juu ya hati yenye ugomvi.

Kijana mmoja aliuliza: na kampuni ikikataa kubadilisha hata neno moja? Jibu ni kwamba inaweza kukataa, na inaweza kwenda kwa jirani. Ila mambo kama tarehe ya malipo, kusafisha zege na kupanda kwa kodi hujadiliwa zaidi ya watu wanavyodhani, hasa mwenye shamba akija na madai yake yameandikwa na wakili. Gharama ya wakili wa mwenye shamba inaweza kudaiwa kampuni ilipe, na zipo zinazokubali. Wakili huyo awe wa mwenye shamba mwenyewe. Yule anayekuja na gari la kampuni ana mteja wake tayari.

Mkazi aliyeletewa mkataba na angependa usomwe na kuelezwa kwa Kiswahili au Kigiriama anaweza kufika katika ofisi ya ardhi na mipango ya kaunti ndogo yake. Alete kitambulisho, nakala ya hati au nambari ya shamba, na mkataba wenyewe wenye kurasa zote. Mke au mume aje pia, na kama shamba ni la mirathi, waje angalau wawili kati ya ndugu.